Nilimsemea Mungu

Nilimwambia mwanangu kwamba Mungu anamwita awe padre. Mungu hakuwa ameniambia hivyo. Nilianza kumwambia akiwa hajang'oa meno ya utoto, nikaendelea akiwa kijana mwenye ndevu, hata baada ya yeye kunijibu kwa upole kwamba hasikii kitu. Ujana wake ulipita akiitegea sikio sauti niliyodai kwamba mimi nimekwisha kuisikia. Hilo ndilo kosa. Ni langu.

Naandika kwa ruhusa yake. Naandika pia kwa sababu nawafahamu wazazi wenzangu, na najua mapenzi yanavyoweza kumfanya mtu mwenye sala nyingi asiyatofautishe matakwa yake na ya Mungu. Mimi nilisali sana katika miaka hiyo. Sikukosa jumuiya, sikukosa rozari ya Oktoba, nilifunga Kwaresima nzima. Hakuna lolote katika hayo lililonizuia kukosea.

Ilianza wakati wa kumzaa. Nilikuwa nimekwisha kuzika mtoto mmoja kabla yake, na uchungu wa huyu ulinishika usiku wa mvua kubwa, ukaendelea kutwa na kucha hadi wakunga wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Nikasema moyoni: Bwana, huyu akitoka hai ni wako, atakuwa padre wako. Alitoka hai. Niliporudi nyumbani nikamweleza mume wangu, ambaye ni fundi seremala na si mtu wa maneno mengi. Alimpakata mtoto, akanyamaza kitambo, akasema, "Tumshukuru Mungu. Ila hilo la upadre, Mwalimu, ungemwachia mwenyewe." Mume wangu huniita Mwalimu kwa sababu ya kazi yangu, nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote. Siku ile nilidhani ana imani haba.

Kwa mtu aliyekulia Songea, nadhiri kama ile haikuwa jambo la ajabu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na tangu hapo kanda hii imetoa mapadre, masista na mabradha kiasi kwamba ni shida kukuta ukoo wa Kikatoliki usio na mmoja wao. Tuna masista wa Chipole, tuna wamonaki wa Hanga, tuna seminari ndogo na seminari kuu. Jimbo la Songea lilipoundwa mwaka 1969, baada ya miongo mingi ya maabati wa Kizungu, askofu wake wa kwanza alikuwa James Joseph Komba, Mtanzania mwenzetu, na wazee wangu waliizungumzia siku ile kama watu waliokabidhiwa nyumba yao. Babu yangu alikuwa katekista. Alifundisha sala chini ya mti kabla kijiji hakijapata kanisa, na alikufa akiomba ukoo wetu utoe padre. Haukutoa.

Tena kuna ile Misa ya shukrani. Aliyewahi kuhudhuria anaijua. Kijiji kizima kinakuja na ngoma, mchele na mbuzi, vitenge vya sare vimeshonwa, na padre mpya anatoa baraka zake za kwanza. Wazazi wake wanaketishwa mbele. Nimewaona akina mama ambao kwa kawaida husali wakiwa wamebanwa mlangoni, na siku hiyo wanaongozwa kwa mkono hadi kwenye kiti karibu na altare, watu wakipiga vigelegele. Nilikitaka kiti hicho. Nilikitaka kabla mwanangu hajaanza darasa la kwanza.

Basi nikaanza kukusanya ishara. Alipojiunga na watumishi wa altare, nikasema ni ishara. Alipokariri Nasadiki yote akiwa mdogo kuliko wenzake, ishara. Padre mgeni alipomshika kichwani akauliza jina lake, niliisimulia habari hiyo hadi majirani wakaijua kwa moyo. Ila kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyahesabu. Likizo zote alikwenda Mbinga kwa babu yake mzaa baba, na huko hakukaa nyumbani hata saa moja. Alishinda mtelemkoni na babu yake wakichimba ngoro. Asiyezijua ngoro za Wamatengo aende akazione: nyasi zilizofyekwa hulazwa zikapishana, zikafanya miraba mlima mzima, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi hizo, na mvua ikija maji hutulia ndani ya vishimo badala ya kuteremka na rutuba. Mwanangu akiwa na miaka kumi aliweza kueleza kwa nini maharage hupandwa kwenye kingo na si shimoni. Alirudi na udongo ndani ya makopo, akaupanga dirishani, kila kopo na mbegu yake. Baba yake alimtengenezea rafu. Mimi nilimwambia aondoe uchafu ule ili pale nimwekee sanamu ya Bikira Maria.

Nikiulizwa leo ni lini mtoto huyu aliitwa na kuitika kwa furaha yote ya moyo wake, nitajibu kwamba ni pale mtelemkoni. Nilikuwa naliona kwa macho yangu. Nililiona kama mchezo.

Alipofaulu kuingia seminari ndogo nililia kwa furaha. Akiwa kidato cha pili aliandika barua. Aliandika kwamba masomo ni mazuri, walezi ni wema, wenzake anawapenda, lakini haoni kama pale ni mahali pake, na anaomba tumhamishie shule ya kutwa ili asome kilimo. Ilikuwa barua ya heshima ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Mume wangu alisema tumfuate. Mimi nikasema nitamjibu.

Ndipo nilipomweleza habari ya nadhiri. Hakuwa anaijua. Nilimwandikia kwamba alikuwa afe, kwamba nilimwomba Mungu uhai wake nikamwahidi utumishi wake, na kwamba kila pumzi aliyoivuta tangu siku ile ilikuwa ya Mungu. Nilidhani ninamtia moyo. Kwa kweli nilimpa deni. Hakuandika tena habari ya kuhama.

Tangu hapo nilijifunza kuitumia historia yetu dhidi yake. Akilegea nilimkumbusha Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa Agosti 1905 Majimaji ilipoanza, na misheni zilizochomwa moto, na jinsi Kanisa lilivyoinuka tena katika nchi ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Nilimwambia kwamba kwa damu yote iliyomwagika hapa, ya watu wetu na ya wageni, yeye hawezi kushindwa na Kilatini. Kwa upande wa mama yangu tuna ndugu Waanglikana kule ziwani, kwa hiyo hata mmisionari wao William Percival Johnson nilimwingiza. Johnson alifanya kazi kando ya Ziwa Nyasa miaka zaidi ya arobaini, macho yake yakiwa mabovu muda mrefu, na kaburi lake liko Liuli tangu 1928. "Huyo haoni na hakuondoka," nilimwambia mwanangu, "wewe una macho mawili." Sikujiuliza hata mara moja kama kulikuwa na mtu aliyemlazimisha Johnson. Hakuna aliyemlazimisha. Alikwenda mwenyewe, na ndiyo maana aliweza kubaki.

Miaka ikaenda. Seminari ndogo ikaisha, ukaja mwaka wa malezi, ikaja falsafa, ukaja mwaka wa kichungaji, ikaja teolojia. Watu wa mtaa wakaanza kuniita Mama Frateri, nami nikaitika. Walezi wake walimwuliza mara kwa mara kama ana hakika. Hilo naliandika ili mtu asiwatupie lawama zangu. Aliwajibu kwamba anayo. Alikuwa akisema kweli kwa namna yake, maana alikuwa na hakika kwamba anadaiwa.

Kabla ya kupewa ushemasi, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1036, zinamtaka mwombaji aandike tamko kwa mkono wake mwenyewe na kulitia sahihi, akisema kwamba anaomba daraja kwa hiari na kwa uhuru, na kwamba atajitoa kwa huduma hiyo siku zote. Alikuja nyumbani likizo na kazi hiyo. Aliniambia, "Hakuna fomu ya kujaza, Mama. Ni karatasi tupu."

Tulikula ugali na maharage. Baba yake akarudi karakanani kumalizia kitanda cha mteja. Mwanangu akakaa kwenye meza ileile aliyojifunzia kusoma, akaandika tarehe, akaandika anwani, akamwamkia Baba Askofu. Kisha kalamu ikasimama. Nilikuwa upande wa pili wa meza nikisahihisha madaftari. Nilisahihisha daftari zima, nikainua macho, kalamu ilikuwa palepale.

"Umekwama wapi, baba?"

"Hapa pa kusema naomba kwa nini."

Nikasema, "Andika." Nikaanza kumtajia.

Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na imla ni sehemu ya kazi yangu. Ina sauti yake. Unasema fungu la maneno, unasubiri, unalirudia, unataja mkato, unaendelea. Nilitumia sauti hiyo bila kujua. Nikasema: ninaomba daraja takatifu ya ushemasi, mkato. Akaandika. Nikarudia. Nikasema: kwa hiari yangu mwenyewe, mkato. Akaandika. Nikarudia. Nikasema: bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Akaandika. Nikafungua kinywa kurudia, na mara hii nikajisikia.

Sijui namna ya kulieleza jambo hili kwa mtu ambaye halijampata. Maneno yalikuwa yaleyale niliyoyatamka dakika moja kabla, ila sasa niliyasikia kama mtu aliyekaa chumba cha pili: mwanamke anamtajia mtu mzima, neno kwa neno, kwamba hakuna aliyemlazimisha. Nilinyamaza. Mwanangu aliinua kichwa. Ningekuwa nimeona hasira usoni mwake pengine ningejitetea, maana kujitetea ninakujua. Haikuwapo hasira. Alikuwa anangoja fungu linalofuata. Alikuwa na uso uleule wa mtoto wa darasa la tatu anayengoja mwalimu ataje nukta.

"Endelea, Mama," akasema.

Sikuendelea.

Nilimwuliza, "Kama nisingekuwapo hapa ungeandika nini?" Alifikiri sana. Alikuwa anajaribu kwa uaminifu kunipa jibu. Mwishowe akasema, "Sijui. Sijawahi kuwaza jambo hili bila wewe kuwapo."

Saa ile ilinirudia miaka yote, si kwa mfuatano bali kwa pamoja: makopo ya udongo, barua ya kidato cha pili, jibu langu, maneno ya mume wangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimesema siku zote kwamba namtumainia Mungu kwa habari ya mtoto huyu. Haikuwa kweli. Ningemtumainia ningemwacha naye. Niliogopa kuwaacha peke yao wawili, kwa kuwa sikuwa na hakika wangezungumza nini.

Niliichukua ile karatasi nikamwambia asiandike chochote hadi awe mbali nami. Alikwenda Mbinga kwa babu yake, akakaa huko siku kadhaa, akaandika barua nyingine. Sijui maneno yaliyokuwamo. Aliifunga bahasha huko huko akaipeleka mwenyewe. Aliacha seminari mwaka huo, kwa amani na baraka za walezi wake.

Gharama yake ilikuwa hii. Alianza upya akiwa na umri ambao wenzake wa mtaani walikuwa na watoto wanaosoma. Masomo ya sayansi aliyoyahitaji kwa kilimo hakuwa nayo, ikabidi arudie mitihani ya sekondari akiwa amekaa na watoto wadogo. Kulikuwa na binti aliyempenda wakati wa mwaka wake wa kichungaji, akamwepuka kwa uaminifu. Alipokuwa huru binti alikuwa ameolewa. Dada yake alichelewa kuingia chuo cha uuguzi kwa sababu miaka miwili mfululizo nilitanguliza mahitaji ya frateri, naye hakulalamika, nami nilichukua ukimya wake kuwa ridhaa. Jumuiya ilikuwa imeshaanza kuchanga kwa ajili ya sherehe. Nilirudisha michango nyumba kwa nyumba. Wengi walikataa kuipokea wakasema nisaidie kanisani. Wachache waliipokea na hawakunikaribisha kukaa. Walikuwa na haki.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kwa muda mrefu hakuweza kusali. Hakuacha kanisa kwa kelele, aliacha tu kwenda mbele. Nilipomwuliza alisema hana ugomvi na Mungu, ila hajui tena sauti ya Mungu ikoje, kwa sababu kila alipowahi kuisikia ilikuwa ikizungumza kama mimi. Sikuwa na la kumjibu. Bado sina.

Nilikwenda kuzungumza na mmonaki mmoja mzee. Nilitarajia atanifariji. Alinifungulia Kanuni ya Mtakatifu Benedikto na kunionyesha sura ya 58, inayoeleza jinsi ya kumpokea anayetaka kuingia utawani. Asipokewe kwa wepesi, inasema. Aachwe abishe hodi siku kadhaa. Akiingia asomewe Kanuni yote baada ya miezi miwili, asomewe tena baada ya miezi sita, asomewe tena baada ya minne, na aonyeshwe kwamba hadi hapo mlango wa kutoka uko wazi. Nilishangaa. Niliishi maisha yangu yote mwendo mfupi wa basi kutoka abasia ya Peramiho, na sikujua kwamba watu wale wanaoitwa maisha yote waliwekewa mahali pengi hivyo pa kusema hapana.

Kisha akanionyesha sura ya 59, na hapo nilijikuta. Zamani wazazi waliweza kumtoa mtoto mdogo kwa monasteri. Waliuviringisha mkono wake pamoja na hati ya ombi ndani ya kitambaa cha altare. Ilikuwa imeandikwa na mtakatifu mwenyewe. Nikasema, "Basi sikukosea sana." Yule mzee akanitazama akasema kwamba Kanisa lilijifunza kwa watoto wale, na ndiyo maana desturi hiyo iliachwa. Leo hakuna awezaye kuweka nadhiri za daima kabla ya miaka 21, na kanuni ya 1026 inakataza mtu yeyote, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote, kumlazimisha mwingine kupokea daraja. Nadhiri ya kuzalia nayo ina kanuni yake, ya 1193: nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Niliweka nadhiri kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Kwa miaka hiyo yote mwanangu alilipa deni ambalo, kwa sheria ya Kanisa lilelile nililolitaja kila siku, lilikuwa langu peke yangu.

Nilijaribu kumshika Hana, mama yake Samweli. Kila mama mwenye nadhiri humshika Hana. Niliisoma upya habari yake na kuona nilichokuwa nakiruka. Hana alimtoa mtoto, kweli, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Lakini ilipofika saa ya kuitwa Hana hayupo. Mungu anamwita mtoto kwa jina lake, usiku, na mtoto anadhani ni Eli. Eli angeweza kusema, ndiyo, ni mimi, na hivi ndivyo ninavyotaka. Alimwambia arudi akalale. Alimrudisha mara ya pili pia. Alipotambua ni nani anayeita, alimfundisha namna ya kuitika tu, na hakuingia naye chumbani. Tena huyu ni mtu mwenye watoto wake wawili wa kuzaa, makuhani kwa urithi wa ukoo, na jinsi walivyoharibu kazi ile imeandikwa kurasa hizohizo.

Yuko pia mama wa wana wa Zebedayo katika Mathayo 20. Alimwendea Yesu kuwaombea wanawe viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Niliposoma neno viti nilikifunga kitabu kwanza. Siku nilipokifungua tena niliona kwamba Yesu hakumkemea yule mama. Aliwageukia wale vijana akawauliza wao kama wanaweza kukinywea kikombe. Nao wakajibu kwa vinywa vyao.

Sisemi wazazi tukae kimya. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 kuhusu malezi ya mapadre inaiona familia kuwa kama seminari ya kwanza, nami naamini hivyo hadi leo. Mtoto anayeona sala nyumbani anapata lugha ya kuitikia. Kosa langu halikuwa kumfundisha kusali. Nilimfundisha kusali, kisha nikamjibia. Na najua kosa hili halina dhehebu. Nina rafiki Mlutheri ambaye binti yake alilazimishwa udaktari kwa sababu mtu alitabiri mkutanoni kwamba ndilo kusudi la Mungu kwake. Nimewasikia vijana wa Kipentekoste wakimwambia msichana kwamba wameonyeshwa kuwa yeye ni mke wao, na msichana anabaki hana pa kushika, maana akikataa anaonekana amemkataa Mungu. Anayesema "Mungu ameniambia kuhusu wewe" amemnyang'anya mwenzake nafasi ya kujibu. Nilifanya hivyo kwa mtu ninayempenda kuliko wote, na nilifanya nikiwa nimepiga magoti.

Nilimweleza paroko habari ya nadhiri. Kwa mamlaka aliyonayo, aliigeuza ikawa kazi ya kufanywa na mimi mwenyewe. Kila Alhamisi napeleka uji wodi ya wazazi, kwa wanawake waliotoka vijiji vya mbali na hawana ndugu mjini. Wengine wanaogopa kama nilivyoogopa. Mmoja aliniambia kwamba ameahidi mtoto wake atakuwa sista. Nilimwambia ahidi kitu chako, mwanangu. Alinishangaa, nami nikamweleza haya yote hadi uji ukapoa.

Mwanangu yuko Mbinga sasa. Anafanya kazi na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, anawaonyesha jinsi ya kuuzuia udongo usiteremke, na babu yake alifariki akiwa amekwisha kumwachia shamba. Nilikwenda huko mwaka juzi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeomba msamaha kabla, lakini kila mara nilimalizia kwa kusema kwamba Mungu ana makusudi yake. Safari hii baba yake alinionya njiani nisimalizie hivyo. Nikasema tu nilichofanya, hatua kwa hatua, pamoja na ile barua. Mwanangu alisikiliza akiwa anachambua mbegu. Alisema amenisamehe zamani, ila kusamehe hakujamrudishia miaka, na kwamba zipo siku anakasirika upya, nisishangae.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje jina wala seminari. La pili, nisiandike kwamba Mungu aliligeuza kosa langu kuwa baraka. Kama ni kweli, alisema, atakuja kulisema yeye mwenyewe siku akiliona.

Hajalisema.